Faida ya vitunguu inapoingia ukutani

Na Mwandishi Wetu, Namanga

SAA 5 asubuhi, maegesho ya malori upande wa Tanzania hapa Namanga yamejaa. Lori moja lenye vitunguu kutoka Mang'ola, wilayani Karatu, linasubiri karatasi zikamilike ili livuke kwenda Nairobi. Mwenye mzigo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha turubai, simu mbili mkononi. Moja ni ya wateja wa Soko la Wakulima. Ya pili, anasema, ni ya mafundi na wapangaji, na ndiyo inayolia zaidi.

"Mama, shimo limejaa tena," sauti inasikika kutoka Arusha. "Watu wanalalamika, harufu imefika hadi kwa jirani."

Anauliza bei ya gari la kunyonya maji taka, anapunguza kidogo, anatuma fedha, kisha anarudi kwenye vitunguu vyake.

Mama huyu ameomba jina lake lisiandikwe. Sababu anayotoa ni kwamba wapangaji wake nao husoma magazeti. Amefanya biashara ya vitunguu kati ya Karatu na Nairobi kwa miaka zaidi ya kumi, na mwaka 2019 alinunua nyumba kuukuu ya vyumba sita eneo la Unga Limited, Arusha, akaikarabati na kuipangisha. Leo ana wapangaji wanne. Ukimuuliza kama alifanya vizuri, hakujibu ndiyo wala hapana. Anakuambia ukae, akuonyeshe daftari.

Wapo wengi kama yeye. Ukikaa jioni na wafanyabiashara wa Namanga, Holili, Mutukula au Rusumo, mazungumzo huanzia bei ya mzigo na kuishia kwenye nyumba. Mzigo unaoza, unaibiwa, unazuiwa mpakani, bei yake inaanguka ukiwa njiani. Nyumba haiozi. Ndivyo tunavyoambiana, na kwa sehemu ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba nyumba nayo ni bidhaa, tena bidhaa inayotoka polepole kuliko zote ulizowahi kuuza.

Nyumba ya marehemu

Nyumba kuukuu za mjini huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni urithi. Mzee amefariki, watoto wametawanyika, hakuna anayetaka kuishi pale wala anayetaka kugharamia bati. Dalali anaambiwa atafute mteja wa haraka. Mteja wa haraka ni mfanyabiashara wa mpakani, mwenye fedha taslimu na asiye na muda.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa vitunguu. Ndugu wawili wa kiume walimwonyesha hati. Hati ilikuwa halali kabisa, ila jina lililokuwemo lilikuwa la marehemu baba yao. Alipouliza, walimletea muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi tisa. Mwenyekiti wa mtaa akaweka mhuri kwenye mkataba wa mauziano, dalali akachukua chake, mama akalipa Sh36 milioni.

Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Ni karatasi ya kupelekwa mahakamani ili mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na ni msimamizi huyo, akiwa na barua yake ya mahakama, ndiye anayeweza kuuza mali ya marehemu. Mhuri wa mtaa hauzibi pengo hilo. Miezi mitatu baadaye alijitokeza dada yao kutoka Babati, ambaye hakuwa miongoni mwa zile sahihi tisa, akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ujenzi ukasimama. Ilichukua miezi minane, ndugu kurudi Mahakama ya Mwanzo kufuata utaratibu wa mirathi, na Sh4 milioni zaidi kutoka mfukoni mwa mnunuzi, hadi yule dada akakubali kutia sahihi.

"Sikumlaumu," anasema. "Ile ilikuwa nyumba ya baba yake pia. Niliyemlaumu ni mimi. Kwenye vitunguu sinunui gunia bila kulifungua."

Hati yenye jina la mtu aliye hai nayo ina lake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Kenya nayo inataka ridhaa hiyo. Muuzaji akikuambia mke wake yuko kijijini na hana shida, mwambie utasubiri arudi. Kisha nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati wewe mwenyewe, usimtume dalali, maana dalali analipwa biashara ikifanyika na halipwi ikivunjika. Angalia pia barabara. Kwa barabara kuu Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi hadi meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi za zamani zilizokuwa nje ya hifadhi zilijikuta ndani. Nyumba ya bei ya kutupa kando ya lami, yenye alama ya X iliyopakwa rangi upya juu, hiyo waachie wengine.

"Rangi tu, mama"

Fundi wa kwanza aliizunguka nyumba mara moja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusema inahitaji rangi tu, na pengine bati nne. Makadirio yakawa Sh12 milioni, pamoja na vyoo vya ndani na taili.

Walipoezua walikuta mchwa ameshakula boriti nusu ya paa. Kuta zilikuwa na unyevu hadi usawa wa goti, kwa sababu waliojenga zamani hawakuweka kizuizi cha unyevu juu ya msingi, na ukipaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo inabanduka kabla mpangaji hajamaliza kodi yake ya kwanza. Ilibidi plasta ibomolewe yote ya chini. Nyaya za umeme zilikuwa za enzi za taa moja kila chumba, wakati leo kila mpangaji ana jiko la umeme, pasi na friji. Na choo kilikuwa kimoja, cha nje, chenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu sita.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, maana hapa ndipo fedha ya mfanyabiashara inapopotea. Kwenye ukarabati, vitu vinavyoonekana ni rahisi: rangi, taili, dari ya jipsamu, milango. Vinavyokula fedha havionekani: paa, unyevu, nyaya, mabomba na shimo. Fundi hukadiria vile unavyoviona kwa sababu ndivyo vitakavyokufanya ukubali. Kabla ya kununua, panda darini na tochi. Chokoa boriti kwa msumari. Gusa ukuta wa nyuma ya kabati. Fungua chemba ujionee maji yanakokwenda. Kama unaweza, nenda siku ya mvua.

Gharama ilifika Sh19.5 milioni. Zile milioni saba na nusu za ziada hakuwa nazo kama faida. Alikuwa nazo kama mtaji. Alizitoa kwenye fedha ya mzunguko, wakati ambao mavuno yalikuwa yameingia kwa pamoja na bei ya vitunguu imelala, akijiambia kwamba hata hivyo hakuna biashara. Wiki chache baadaye mzigo ukawa haba na bei ikapanda. Wenzake walikwenda Mang'ola na kurudi mara tatu. Yeye alikuwa amesimama Unga Limited akihesabu taili.

"Mtaji wangu ulikuwa umeshakuwa choo," anasema, na hacheki.

Msomaji mwenye biashara ya mzunguko asikilize hapo. Nyumba inaweza kukusubiri, msimu haukusubiri. Kama ukuta unakudai na mzigo unakudai kwa wakati mmoja, lipa mzigo, na ukuta ubaki bila plasta hata miezi sita. Aliyemwokoa ni fundi wa pili, kijana aliyemshauri aache kutengeneza nyumba yote kwa pamoja. Walimaliza kwanza vyumba viwili vya mbele, wakavifanya chumba na sebule vyenye choo ndani, vikapangishwa, na kodi yake ikaendeleza vilivyobaki.

Na kwa kuwa muda mwingi yuko njiani, aliweka utaratibu wake. Fundi halipwi kwa siku, analipwa kwa hatua iliyokamilika. Vifaa ananunua mwenyewe dukani kwa simu na duka linapeleka. Kila jioni fundi humtumia picha ya kazi pamoja na picha ya mifuko mitupu ya saruji, imepangwa chini na kuhesabika. Mfuko mtupu, anasema, hausemi uongo kirahisi.

Kuhusu vifaa, wapo wanaobeba taili au rangi wakirudi kutoka ng'ambo. Kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 za Marekani, bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja na zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya hupita bila ushuru wa forodha kwa kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Kodi nyingine za ndani hubaki. Taili zinatengenezwa Kajiado, na Mkuranga pia. Zilizotoka mbali, hata kama umezinunua Nairobi, haziingii kwenye cheti hicho. Piga hesabu na usafiri na zitakazovunjika, mara nyingi utaona bora ununue Arusha.

Kodi ya miezi sita si faida

Desturi za kupangisha za pande hizi mbili zinatofautiana, na tofauti hiyo inabadilisha biashara nzima. Tanzania mwenye nyumba amezoea kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kenya mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni huweka amana ya mwezi mmoja au miwili. Mfanyabiashara Mtanzania huona utaratibu wa kwao ni mtamu zaidi, kwa kuwa fedha inakuja nyingi kwa pamoja.

Utamu huo una hila. Mama wa vitunguu alipopokea kodi ya miezi sita ya wapangaji wawili kwa wiki moja, aliipeleka yote Mang'ola. Safari ile ilikuwa mbaya, mvua iliwakuta njiani, nusu ya mzigo ukaharibika. Mwezi wa tatu bomba likapasuka na hakuwa na senti ya nyumba. Mpangaji alikuwa ameshalipa hadi mwezi wa sita, kwa hiyo hakuna kodi ya kuingia, na ana haki ya kupata maji. Alikopa ili kutengeneza bomba la mtu aliyemlipa mapema.

Siku hizi kodi ikiingia huigawa papo hapo kwa miezi, na anachokigusa ni cha mwezi huo tu. Tena amewapunguzia wapangaji hadi miezi mitatu mitatu. Wenye nyumba wenzake walimcheka. Yeye anasema mpangaji wa miezi mitatu hupatikana ndani ya wiki, wakati wa mwaka mzima hutafutwa miezi miwili chumba kikiwa kitupu, na chumba kitupu hakina kodi ya mkupuo wala ya rejareja.

Mkataba uwe wa maandishi, hata na ndugu. Useme kodi ni kiasi gani, nani analipa maji, nani ananyonyesha shimo. Fedha iandikwe ya nchi nyumba ilipo. Hapa Namanga shilingi za nchi zote mbili hupokelewa dukani bila mtu kushangaa, lakini kanuni za Tanzania za Machi 2025 zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni, na kodi ya chumba ni bei. Uganda nayo, katika sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022, imetaka kodi iwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa pande zote zimekubaliana vingine, na mpangaji asitolewe kwa nguvu bila amri ya mahakama.

Daftari

Sasa tufungue daftari, maana alitukubalia. Nyumba Sh36 milioni, kumaliza shauri Sh4 milioni, ukarabati Sh19.5 milioni. Jumla Sh59.5 milioni. Ana chumba na sebule mbili, kila moja Sh150,000 kwa mwezi, na vyumba viwili vyenye choo ndani, kila kimoja Sh100,000. Zikijaa zote mwaka mzima ni Sh6 milioni.

Hazijai zote mwaka mzima. Mwaka jana chumba na sebule moja ilikaa tupu miezi mitatu na chumba kimoja mwezi mmoja. Iliyoingia ni Sh5.45 milioni. Matengenezo, pamoja na lile shimo, yalikula Sh620,000. Kodi ya mapato aliyoweka kando ni asilimia 10 ya pango, Sh545,000. Kodi ya majengo Sh18,000, ambayo tangu 2021 hukatwa kidogo kidogo kupitia LUKU. Hapo awali alikuwa na mita nne na aligundua anakatwa zaidi ya mara moja kwa jengo moja hilohilo, ikabidi aende ofisi ya mapato kurekebisha. Mwenye mita nyingi aangalie risiti zake.

Kilichobaki mkononi ni Sh4.27 milioni kwa mwaka. Hiyo ni kama asilimia 7 ya fedha aliyoiweka, na kwa mwendo huo nyumba itarudisha gharama yake baada ya karibu miaka 14. Safari moja nzuri ya vitunguu humwachia Sh1 milioni kwa wiki mbili. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, bila fundi, bila shimo na bila dalali.

Kwa hiyo alikosea? Mwandishi wa makala haya angependa kusema ndiyo, ila daftari lina ukurasa wa pili. Miaka miwili iliyopita mumewe aliugua na yeye hakuvuka mpaka kwa miezi mitano. Vitunguu havikuleta chochote. Nyumba ilileta kodi kila mwezi, na ndiyo iliyolipa ada za shule. Hati, ambayo sasa ina jina lake, ilikubaliwa na benki kuwa dhamana ya mkopo wa kurudia biashara. Na kiwanja cha Unga Limited leo hakinunuliki kwa bei ya 2019. Nyumba yake ni mshahara mdogo na bima kubwa, na aliinunua akidhani ni biashara ya kumtajirisha. Angelijua hilo mapema, asingegusa mtaji wa mzunguko ili kuharakisha taili.

Ukivuka, unanunua miaka

Swali linaloulizwa zaidi na wafanyabiashara hapa ni hili: kama mzigo wangu unavuka na fedha yangu inavuka, kwa nini nisinunue nyumba upande ule ambako kodi ni nzuri?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imefungua njia kwa bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji. Ukifika Ibara ya 15 unakuta ardhi, na hapo mlango umeachwa kwa kila mwenye nyumba kuufunga atakavyo. Ibara hiyo inasema matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za nchi husika. Mtanzania akivuka hatua 50 hapa Namanga, kwa mambo ya ardhi yeye ni mgeni kama aliyetoka Ulaya. Na Mkenya akija huku, vilevile.

Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 65, inampa asiye raia haki ya kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi. Mkataba ukisema amepewa zaidi ya hapo, utahesabiwa kuwa wa miaka 99 tu. Kwa ardhi ya kilimo, na katika Kaunti ya Kajiado ardhi ya namna hiyo ni nyingi, mauziano yanahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inaitaka bodi imkatalie asiye raia. Kuna kodi pia. Mkaazi wa Kenya mwenye pango la nyumba za kuishi la kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni za Kenya kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango tangu Januari 2024. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote, bila kutoa gharama. Ile asilimia 7 ya mama wa vitunguu ingebaki ngapi hapo?

Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia huhesabiwa si raia. Na tangu Julai 2025 udalali wa nyumba ni miongoni mwa kazi ambazo asiye raia hapewi leseni ya kuzifanya. Uganda mgeni anaweza kukodi hadi miaka 99, na mkataba wa miaka mitano au zaidi lazima usajiliwe, ila hawezi kumiliki ardhi ya mailo. Anayeuziwa kibanja juu ya mailo bila ridhaa ya mwenye ardhi amenunua ugomvi wa watu wawili.

Kwa sababu milango hii inajulikana, watu wametafuta dirisha. Dirisha lenyewe ni jina la rafiki. Mfanyabiashara mmoja wa nguo, Mtanzania, alijenga na kukarabati ploti ya vyumba vinane upande wa Kenya, hati ikiwa na jina la mshirika wake wa miaka mingi, mtu waliyekula naye chumvi. Walielewana vizuri na kodi ilifika kila mwezi kwenye simu. Mwaka 2021 mshirika alifariki. Mjane hakuwahi kuambiwa, na watoto walichokijua ni kwamba ploti ni ya baba. Mzee wa nguo alikwenda msibani na mkono wa pole, akarudi bila kusema neno kwa kuona aibu. Alipokuja kusema, mirathi ilikuwa imeshaanza.

Alikuwa na risiti za bati, ujumbe wa fedha za simu, na mashahidi. Wakili alimfungulia Ibara ileile ya 65 akamwonyesha sehemu ya chini: mali iliyoshikwa na mtu kwa niaba ya mwingine huhesabiwa ni ya raia pale tu wanufaika wote wanapokuwa raia. Kwa hiyo hata akithibitisha kwamba marehemu alimshikia tu, bado yeye ni mgeni anayedai kumiliki asichoruhusiwa kumiliki. Alishauriwa kudai fedha alizotoa, siyo ploti. Bado anadai. Wale watoto, alipowasimulia siku ya kwanza, mmoja wao alimuuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, kama ilikuwa yako, kwa nini baba hakutuambia?" Hana jibu hadi leo.

Anayetaka kuwekeza ng'ambo kihalali ana njia moja iliyo wazi, nayo ni kukodi nyumba kwa miaka kadhaa kwa mkataba wa maandishi unaomruhusu waziwazi kukarabati na kupangisha wengine, kisha kuusajili. Kenya mkataba unaozidi miaka miwili husajiliwa. Hapo hesabu ni tofauti na ya mwenye nyumba: kila shilingi ya ukarabati irudi kabla miaka haijaisha, maana taili utaziacha. Ukipewa miaka mitano, usiweke vitu vya miaka ishirini. Paka rangi, tengeneza nyaya na vyoo, achana na jipsamu.

Na kwa wanaokodi maduka upande wa Kenya, sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Upangaji wa duka usio na maandishi, au wenye maandishi ya muda usiozidi miaka mitano, kwa kawaida unalindwa. Mwenye duka hawezi kukupandishia kodi au kukutoa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na ukipinga kwa wakati, shauri linakwenda kwenye baraza maalumu. Wengi wetu huhamisha mizigo usiku kwa kutishwa tu na keretaka.

Saa 8 mchana karatasi za lori zinatoka. Dereva anawasha, mama wa vitunguu anasimama, anakung'uta vumbi kwenye khanga, anazunguka lori kukagua kamba. Simu ya pili inalia tena. Gari la maji taka limefika na linataka kuongezewa Sh20,000 kwa kuwa njia ni nyembamba.

"Nitumie picha ya risiti," anasema. "Na nyingine ya shimo likiwa tupu."